Mawe ya Mama Kwenye Mtaro

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Ndiyo maana siku ya mkutano wa mtaa, mtendaji alipoanza kutusomea taarifa ya vyoo vya shule, nilisimama kabla hajageuza ukurasa.

"Mtendaji, maji kwanza! Barua tatu tumeleta ofisini kwako. Mvua zikianza mama yangu atakufa maji kitandani, na wewe utakuja msibani kutusomea taarifa?"

Watu wakapiga makofi. Justina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akapiga kuliko wote.

Wala sikutia chumvi. Mama alipooza upande mmoja mwaka juzi. Machi mwaka huu mtaro ulifurika nikiwa sokoni nauza ulezi. Niliporudi maji yalikuwa yamefika kwenye godoro, naye ameng'ang'ania ubao wa kitanda kwa mkono mmoja, sauti imemkauka kwa kuita. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha halali. Anateremsha ule mkono mzima mpaka sakafuni, anapapasa kama maji yamefika, anaupandisha, anauteremsha tena. Jamani, kumwangalia kunauma.

Mtendaji alikuwa amekuja na injinia, Lwitiko, kijana wa Mbeya, mpole mpaka anakera.

"Shikamoo mama. Kijiko cha kuchimbia kiko hapa leo tu, kesho kinakwenda barabara ya Kasesya. Tuufuate mtaro sasa hivi. Kinachoziba, kinatoka leo."

"Hata kama ni nyumba ya mkubwa gani!" nikadakia. Makofi tena. Nikatangulia, kifua mbele, wengine nyuma yangu na kijiko kinanguruma mwisho wa msafara. Wingu zito lilikuwa limeikalia milima ya Mbizi, nami nikawa nawahimiza watembee upesi.

Tulitoa magunia ya pumba nyuma ya mashine ya kusaga, tukatoa tairi na matofali. Kisha Lwitiko akasimama kwenye groto letu, akainama, akachungulia chini.

Groto lile la Bikira Maria ni kijumba cha mawe, wanajumuiya tulikijenga miaka minne iliyopita ili tusalie rozari. Mahali nilichagua mimi, mwenyekiti wa jumuiya. Niliona uwazi hauna mwenyewe, nikasema Mungu katupa. Mama, wakati huo yu mzima, alibeba mawe kichwani kutoka mtoni wiki nzima, akikataa kusaidiwa. Kornel fundi akayajenga.

"Kalavati liko hapa chini," Lwitiko alisema taratibu. "Mdomo wake umejengewa. Huu uwazi ulikuwa njia ya maji, mama."

Yesu na Maria! Uso uliniwaka. Nusu mwaka nimemtukana mtendaji, nimewatukana wenye mashine, kumbe mwenye kuziba ni mimi.

"Hapo hapaguswi!" Justina akapaza sauti, akimnyooshea Lwitiko kidole. "Na huu ni mwezi wa Rozari! Wewe Mmoraviani, thubutu uone!"

Wale wale walionipigia makofi wakalizunguka groto. Dereva wa kijiko akazima mashine. Mtendaji akafunga daftari haraka, utadhani alikuwa anasubiri nafasi hiyo. "Basi, tuandike barua parokiani, tungoje majibu."

Barua! Tone la kwanza la mvua likanidondokea mkononi, likafuata la pili.

"Kornel, nipe sururu."

"Bertilla, mawe haya mama yako ndiye—"

"Najua nani aliyabeba! Nipe!"

Nikafanya ishara ya msalaba. Nikaishusha sanamu, nikaifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, nikainua sururu. Nilipiga huku nalia, bila aibu yoyote. Justina akanisogelea usoni. "Kwenye jumuiya usikanyage tena," akasema, akaondoka zake, na wengi wakamfuata.

Pigo la tatu, mkono ukanishika. Ni Kornel.

"Lete hapa. Nilijenga mimi, pa kuanzia napajua mimi."

Jiwe la pembeni likang'oka. Kijiko kikawashwa. Kalavati lilipofunguka mvua ilikuwa inamwagika kweli kweli, na maji yakaingia mle kwa kishindo. Sikungoja kuangalia zaidi, nikakimbia nyumbani.

Niliingia chumbani kwa Mama na Bikira mgongoni, tumelowa sote wawili. Mama akaitazama ile sanamu, akanitazama na mimi. Maneno yake hutoka kwa shida, lakini lile nililisikia vizuri.

"Nani kabomoa?"

"Mimi, Mama." Nikapiga magoti.

Mvua ilipiga bati kwa nguvu. Mkono wake mzima ukateremka sakafuni, ukapapasa. Ukangoja. Ukapapasa tena, mbali kidogo, karibu na goti langu. Sakafu ilikuwa kavu, isipokuwa pale nilipochuruzikia mimi.

Akaupandisha mkono, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mweke hapo dirishani," akasema. "Mimi nalala."