Suruali Iliyopunguzwa Kiuno

"Bawasiri! Nimekwambia ni bawa—"

"Bawasiri gani ya miezi yote hiyo, we mwanaume? Bawasiri inakula mpaka nyama za—"

"—siri tu! Kila fundi cherehani anayo! Muulize Pini!"

Pini, fundi mwenzake na mume, akaitikia bila kuinua kichwa kwenye mashine. "Kukaa kutwa, shemeji, makalio lazima yalalamike. Tyubu ya dawa ile pale, tunapokezana."

"Mnapokezana ujinga!" Mke akaitupa suruali juu ya meza ya kukatia.

Alikuwa akiipiga pasi asubuhi alipokuta kiuno kimeshonwa upya mara tatu, mstari ndani ya mstari. Watu wengine wakikonda nguo zinawapwaya, majirani wanauliza kulikoni. Huyu wake, kila suruali ikilegea, anaipunguza kimyakimya, anaendelea kupendeza kama bwana harusi! Ndipo hasira zikampanda mpaka utosini. Damu chooni alishaiona, akaambiwa ni pilipili. Mara anaharisha, mara anakaa huko chooni weee, anatoka na jasho tu. Siku hizi ngazi za nyumbani anazipanda akipumzika katikati. Na baba yake mzazi aliondoka kwa saratani ya utumbo mpana!

"Baba yako naye alisema bawasiri," akamwambia. "Alisema hivyo hivyo mpaka akaisha."

"Usimwingize baba hapa—"

"Namwingiza! Sijasema unayo, mimi si daktari. Nasema ukapimwe tujue, maana ikiwahiwa inatibika. Kutwa unapima watu viuno, mapaja, mpaka wake za watu. Wewe kupimwa ndiyo unaona haya?"

Pini akaangua kicheko. Akatupiwa jicho, akakimeza.

Mume akaigeuza suruali, akapitisha kidole gumba kwenye ile mishono yake mwenyewe. Akafungua mdomo. Mke alilijua lile tabasamu la pembeni, akadaka mkasi.

"Tania. Tania uone kama siichani vipande!"

Hakutania. Akavua futi shingoni, akaiviringisha, akaiweka mezani.

"Haya, twende sasa hivi."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Ila mke wangu, uingie na mimi mpaka ndani kwa daktari. La damu, la kukonda, la baba, yote umwambie wewe. Mimi akiniuliza, nitamdanganya."