Karamu ya Kupaua Jumba la Sanaa

Asta Mølbak alikuwa jikoni anakata mkate mweusi, Jumatatu saa tatu asubuhi, aliponyanyua macho akaona Jumba la Sanaa limesogea tena. Wiki iliyopita ukuta ulikuwa upande wa pili wa njia ya baiskeli. Sasa ulikuwa upande huu, na mumewe Ejgil alikuwa amesimama juu ya jukwaa, mwiko mkononi, anapanga matofali. Ejgil alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, kwa maradhi ya moyo. Asta akakata vipande sita zaidi, akavipaka siagi, akabandika kahawa.

Walikuwa waashi watatu, walewale waliolijenga jumba hilo, sasa wote marehemu. Mbali na Ejgil alikuwapo Svenning, aliyekufa kwa kuanguka kwenye ngazi akichuma mapeasi yake mwenyewe, na mzee Aksel, aliyekufa kwa uzee mtupu, taratibu, kama alivyofanya kila kitu. Walikuja Jumatatu kwa sababu Jumatatu jumba hufungwa na hakuna wageni wa kuwakanyagia kamba. Walianza saa moja asubuhi, wakatua saa tisa na nusu, maana saa za kazi ni saa za kazi, hata kwa marehemu. Kila Jumatatu waliongeza kitu: chumba, ujia, dirisha la darini la kuingiza mwanga wa kaskazini. Watu wa mji huo wa Nørre Tange walikwisha kuzoea. Walichonung'unikia ni kwamba njia ya baiskeli imekatika.

Jumba lenyewe lilikuwa la matofali ya manjano, marefu na membamba, paa lake bapa kama meza, limelala juu ya kilima likitazama maji ya Limfjord. Msanifu wake, mtu wa Copenhagen, aliwahi kuwaeleza watu wa jimbo hili la Himmerland kwamba jumba hili linainama kwa unyenyekevu mbele ya ardhi yao. Asta alimwamini. Baadaye aliona kwamba kwa kitu kilichoinama namna ile, lilikuwa na miguu mirefu sana.

Na kosa lilikuwa la nani? La Asta. Alilijua hilo, na hakuna mtu mjini aliyejaribu kumficha.

Mambo yalikuwa hivi. Huko kila mtu ni mwanachama wa vyama vitatu kwa uchache, na Asta alikuwa wa vinne, kimojawapo kikiwa kamati ya kulisimamia jumba lilipokuwa linajengwa. Desturi ya huko ni kwamba nyumba ikisimikwa kenchi, zile mbao za kubeba paa, mwenye nyumba hutundika mashada matatu ya majani juu ya paa, huwapa mafundi soseji nyekundu na bia, kisha husimama mbele yao akasema asante. Bila hivyo nyumba haihesabiki imepauliwa, hata kama haivuji. Jambo hilo lilifika mezani jioni, wajumbe wamechoka, keki ya krimu imewekwa pale dirishani na bado haijakatwa. Asta, ambaye hakuweza kuona kikao kikipita bila kutega, alinyoosha mkono.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakasema, wote macho kwenye keki.

"Nyumba haina kenchi, shada litaning'inia wapi?"

Wakampa mji, wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, na karamu ikafutwa kwa sababu paa ni bapa. Keki ikakatwa. Asta alirudi nyumbani mwepesi kama kuku aliyetaga, akamsimulia Ejgil aliyekuwa ananawa saruji mikononi. Ejgil akasema, "Mm." Kwa watu wa Himmerland, hiyo ni hotuba ndefu.

Jumba likafunguliwa. Kibao cha shaba kikawekwa mlangoni kikiwa na jina la msanifu, jina la mfuko uliofadhili, na jina la waziri aliyekata utepe.

Sasa Asta alitoka na sinia la kahawa, akalipandisha jukwaani. Waashi wakanywa. Kila mmoja alisema, "Asante kwa kahawa," maana watu wa huko hushukuru kwa kahawa, hushukuru kwa chakula, hushukuru kwa siku ya leo na kwa mara ya mwisho mlipoonana.

"Ejgil," Asta akasema, "mnaelekea wapi?"

"Mbele."

"Mbele kuna jiko langu."

"Naliona." Ejgil akafunga jicho moja, akapima kwa mwiko. "Jumatatu tatu. Mvua isiponyesha."

"Hamwezi kukata kona? Miaka arobaini na mmoja nimepika mle ndani!"

"Sisi hatuchori, mama. Tunajenga. Na kazi haijafungwa. Mwenye jumba akisimama hapa akasema asante, tunaosha vyombo, tunakwenda kulala."

"Utegee ukuta kitendawili, labda utageuka!" Svenning akadakia kutoka juu. "Shemeji, nyumba haina kenchi…"

Mzee Aksel akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. Asta akakusanya vikombe. Masikio yalikuwa yanamuwaka, lakini alikubali moyoni kwamba angekuwa yeye juu ya jukwaa, angecheka zaidi.

Kesho yake alikwenda kumwona mkurugenzi wa jumba. Aliitwa Joakim, kijana mpole mwenye sweta jeusi na miwani mizito, na ofisi yake haikuwa na kitu ila kiti kimoja, ambacho Asta aliogopa kukikalia asije akaambiwa ni sanaa.

"Neno moja tu, mwanangu," alimwambia akiwa wima. "Soseji zangu, bia yangu, mashada nasuka mwenyewe. Wewe uje Jumatatu, usimame mbele ya mafundi, useme asante. Unalisema mara mia kwa siku."

"Bi Asta, nitazungumza kwa furaha kubwa," Joakim akasema, akaandika kwenye daftari.

Jumapili Asta alikaa kwenye ngazi ya mlango akisuka matawi ya msonobari hadi vidole vikanata utomvu. Ilibaki shida ya mahali pa kutundika. Aliwaza, akaingia ndani, akatoka na mipini mitatu ya mifagio. Jumatatu mapema mzee Aksel aliisimika juu ya paa kwa koleo mbili za saruji, mashada yakapanda, yakakaa. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Mipini ya mifagio. Wajumbe tisa, mhandisi mmoja akiwamo, na hakuna aliyefikiria ufagio; na yeye aliyetega, mwenye mifagio mitatu nyumbani, alikuwa wa mwisho kufikiri.

Saa sita waashi walishuka, wakanawa, wakajipanga mbele ya ukuta, kofia mikononi. Meza ilikuwa na soseji nyekundu zinazofuka moshi, haradali, vitunguu vya kukaanga, na bia kreti mbili. Upepo wa Limfjord ulikuwa unavuta kitambaa cha meza, Asta akakikandamiza kwa chupa. Joakim akaja, akawapa waashi mkono mmoja mmoja, akafungua karatasi.

Aliushukuru mfuko uliofadhili. Alimshukuru msanifu, ambaye hakuwapo. Aliishukuru wizara na halmashauri. Aliushukuru mwanga wa kaskazini. Aliyashukuru maji, upeo wa macho, na nyasi za kilimani zilizokubali kukatwa. Aliyashukuru matofali kwa ukimya wake.

"Anakaribia," Ejgil akanong'ona, akanyoosha kola.

Joakim akamshukuru Asta kwa soseji, akaishukuru na haradali, yenye ukweli wa mahali hapa. Kisha akakunja karatasi.

"Karibuni mezani," akasema.

Waashi wakatazamana.

"Hata haradali," Svenning akasema polepole. "Hata haradali, jamani."

Hawakugusa soseji. Chakula cha kupaua hakiliwi kabla jumba halijapauliwa, na wao walikuwa watu wa utaratibu. Wakavaa kofia, wakapanda jukwaani. Muda si mrefu mwiko ulisikika tena ukigonga matofali, tap, tap, na kozi nyingine, safu mpya ya matofali, ikaanza kuelekea jikoni kwa Asta.

Asta akamkimbilia Joakim hadi mlangoni.

"Umewasahau!"

"Sijawasahau, Bi Asta." Joakim akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Nikiwashukuru, wataondoka. Tumefika vyumba thelathini na kimoja. Hakuna jumba nchini linalokua, ila letu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza bibi yake kuhusu simu. Kisha akampa kadi ya kuingia bure mwaka mzima.

"Asante," Asta akasema. Lilimtoka lenyewe, kabla hajaufunga mdomo.

Alikula soseji siku tisa mfululizo. Kadi aliitumia mara moja, kwenda msalani, siku ambayo waashi walikuwa wameziba mlango wa choo chake.

Mvua haikunyesha. Jumatatu ya tatu ukuta wa manjano ulikuwa umelizunguka jiko pande zote, na paa bapa limelifunika juu. Halmashauri ilileta barua: nyumba ya Asta sasa ni chumba cha thelathini na mbili, lakini jiko linabaki mali yake, pamoja na kila kilichomo na kuta zake nne. Pembeni mwa mlango palikuwa na kibao kidogo chenye jina la msanifu. Jumanne hadi Jumapili wageni wangepita wakimtazama anavyokaanga samaki. Asta alikwisha kununua aproni mpya, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Saa tisa na robo Ejgil aliingia kupitia uwazi wa mlango mpya, akafuta viatu. Svenning na mzee Aksel wakasimama nyuma yake. Ukuta ulikuwa umenyooka, kozi baada ya kozi, viungo vyake vyembamba kama mstari wa penseli.

"Makaratasi yanasema jiko ni lako," Ejgil akasema. Akavua kofia. "Kwa hiyo hapa mwenye nyumba ni wewe, mama. Jumba zima ni habari nyingine. Lakini ukituambia wewe, sisi inatutosha."

Wote watatu wakangoja.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Asta. Lilikuwa fupi, la haki, na limechelewa miaka mitano. Bia zilikuwamo frijini. Alimtazama Ejgil, saruji imemkaukia kwenye kucha kama ilivyokuwa ikimkaukia tangu wakiwa vijana, na kofia ameikunja vilevile alivyoikunja siku ya kumposa. Akafikiria Jumatatu ijayo, saa tatu asubuhi, na mtu anayekata mkate vipande viwili tu.

Akamchukulia Ejgil pima maji mkononi, akaiweka kwenye kona. Kiputo cha hewa kikasimama katikati kabisa, kama kwenye kona iliyonyooka, hakikutikisika.

"Kona hii imepinda," Asta akasema.

"Imepinda!" Svenning akapaza sauti. "Aksel, njoo usikie! Eti imepinda!"

Ejgil aliangalia kile kiputo cha hewa. Akamwangalia mkewe, muda mrefu. Kisha akavaa kofia.

"Basi tutaivunja Jumatatu."

"Na huu ukuta wa dirishani nao," Asta akasema, akigeukia beseni kuosha vikombe, "sijauangalia vizuri bado."