Nilivyopalilia Malisho

Mimi uchafu siuwezi. Uliza Haneti nzima, watakwambia Dorkasi akishafagia uwanja wake hata kuku wanapita pembeni. Shamba langu la uwele nalipalilia mara tatu wakati wenzangu wanapalilia mara mbili, na palizi ya tatu naifanya huku nikiwasema wale ambao bado wako kwenye ya kwanza. Sijisifu, ndivyo nilivyolelewa. Nikiona gugu limesimama mahali, mikono inaniwasha mpaka niling'oe.

Hiyo mikono ndiyo iliyoniponza.

Marehemu mume wangu, Bartolomayo, aliniachia ng'ombe kumi na wanne. Ukame na maradhi vikawamaliza mmoja mmoja mpaka akabaki Sabuni peke yake, jike mweupe, mzee kidogo, mwenye kiburi. Mwaka juzi alitupa mimba kwa njaa, katikati ya kiangazi, nikalia kama nimefiwa upya. Mwaka jana hakushika kabisa. Mwaka huu mwezi wa pili akashika, nami nikaapa kwamba ndama huyu lazima azaliwe hai. Sabuni umri umekwenda, nafasi nyingine hana. Huyo ndama akipotea, basi zizi la Bartolomayo limefungwa.

Na ng'ombe mwenye mimba anataka kula. Kwa bahati tuna milaga. Hayo ni malisho yaliyozungushiwa uzio wa minyaa, hayalishwi masika, yanatunzwa mpaka kiangazi kikishika kweli ndipo ng'ombe anaingizwa. Yetu ni ekari nne. Kabla hajafa, Bartolomayo alizigawa kwa mstari wa minyaa katikati: mbili zangu, mbili za binti yetu Loisi na mumewe Ignas.

Huyo Ignas sasa. Ni Msandawe wa Farkwa, kule Chemba, na ni mkwe wangu. Kwetu Wagogo tulioshika mila, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, mmoja akiingia huku mwingine anatokea kule. Vijana wameyaacha haya, siku hizi utawaona wanakumbatiana na wakwe zao harusini mbele ya kamera. Mimi sijayaacha. Ignas ameishi hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu kwa miaka tisa, na sikuwahi kumwambia hata habari za asubuhi.

Usidhani tulikuwa kimya. Ukitaka ujumbe umfikie mkwe, unamwambia ng'ombe, au mbuzi, au mtoto mchanga mgongoni, kwa sauti ya kutosha. Naye anamjibu ng'ombe. Kwa njia hiyo mimi na Ignas tumegombana sana.

Mwaka juzi, baada ya Sabuni kutupa mimba, nilikwenda semina ya malisho. Tukapewa mbegu za nyasi, aina moja, ndefu, laini, ng'ombe anazila mpaka anafumba macho. Bwana mifugo wetu, kijana anayeitwa Joel, akatueleza kwamba wiki za mwanzo tupalilie ili miche ipate nguvu. Alieleza na mengine mengi. Mimi nikisikia neno kupalilia, sikio linafunga hapo hapo.

Nikang'oa kila kilichokuwemo. Ukoka, kunde pori, mbigili, vichaka vidogo, maua ya njano yasiyo na jina, vyote nikavirundika na kuvichoma. Nikapanda nyasi zangu kwa mistari. Zikaota, wiki za mwanzo zikapita, nami nikaendelea kupalilia. Miezi miwili, mitatu, msimu mzima. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza katika wilaya ya Chamwino kupalilia nyasi ili zibaki nyasi. Zilipendeza jamani. Watu waliokuwa wanapita njiani walisimama kuzitazama.

Upande wa pili wa minyaa, Ignas hakugusa kitu. Mbegu zake alizitawanya tu katikati ya vurugu ile na kuziacha zijitafutie. Humo mlikuwa na nyasi fupi na nyasi ndefu, majani mapana, vitu vinavyotambaa, vitu vyenye miiba, na nyuki tangu asubuhi. Nilikuwa napitisha Sabuni karibu na uzio makusudi.

"Sabuni," nikamwambia, "usitazame huko. Huko kuna watu walioshindwa hata kushika jembe."

Kisha sauti ya Ignas kutoka nyuma ya minyaa, taratibu kama kawaida yake: "Sabuni, mwambie bibi yako kwamba ardhi nayo haipendi kukaa uchi."

Uchi! Neno hilo, mbele ya mama mkwe, hata kama limepitia kwa ng'ombe. Jumapili ile nikasimama pale nje ya kanisa na kuwaambia kina mama wote kwamba mkwe wangu anafuga msitu, na kwamba nyoka wakija Haneti wajue wametoka wapi. Watu wakacheka. Loisi alikuwa amesimama nyuma yangu, na yeye hakucheka.

Basi ukaja mwaka huu. Mwezi wa pili mvua ikakata wiki tatu, kama inavyotufanyia hapa kwetu mara nyingi. Nyasi zangu zikajikunja lakini zikavumilia. Mvua ikarudi, nyasi zikachipua laini, nikafurahi. Baada ya siku nne nikaamka nikakuta ardhi inatembea.

Viwavijeshi. Walikuwa wengi mpaka unasikia sauti ya kutafuna. Nilikwenda na jivu, nikaenda na ufagio, nikawakanyaga kwa miguu huku nawatukana matusi ambayo Mungu anisamehe. Siku ya tatu walikuwa wameondoka, na ekari zangu mbili zilikuwa vishina vitupu vilivyopangwa kwa mistari mizuri.

Nikasubiri vichipue. Mvua zilizobaki zilikuwa tatu tu, kubwa, za vishindo, na maji yalipiga udongo wangu mtupu, yakateleza, yakashuka bondeni na udongo wenyewe. Kufika Mei palikuwa pagumu, unagonga kwa fimbo panalia.

Joel akaja kutazama. Akanisalimia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, akazunguka shamba langu ameshika kiuno. Kisha akachungulia upande wa pili na kukaa huko kitambo.

"Mama Loisi, umeona huku?"

"Sioni huko. Ni kwa mkwe."

"Basi nikusimulie. Viwavi hawa wanapenda nyasi laini na mimea ya jamii ya mtama. Kunde hawazitaki, majani mapana hawayataki. Kwa mkwe wako wamekula kilicho laini wakaacha vingine vyote. Vile vilivyobaki vimefunika udongo, maji yakaingia chini, na nyasi zilizoliwa zimechipua tena kivulini. Wewe ulikuwa na kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho walichokipenda."

"Ulituambia tupalilie."

"Wiki nne, mama. Nilisema wiki nne."

Nilimpa maji ya kunywa akaondoka.

Kiangazi kikaanza. Juni nikamlisha Sabuni mabua ya uwele. Julai mabua yakaisha, nikawa nakwenda mbali na kiroba begani kukata chochote kilichobaki kando ya barabara. Agosti mbavu zikaanza kuhesabika, na tumbo la mimba likaning'inia chini yake. Ule ulikuwa mwezi aliotupa mimba mwaka juzi. Nilikuwa naamka, naweka mkono ubavuni kwake, nasubiri ndama acheze ndipo ninywe uji. Siku alipochelewa kucheza nilikaa pale chini mpaka jua likawa kali.

Na hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya minyaa, kulikuwa na chakula.

Nikamwendea Loisi. Nikamkuta anaanika mlenda kwenye ungo.

"Mwanangu," nikasema, "mwambie mwenzako kwamba Sabuni ana hali mbaya."

"Mwambie wewe, mama. Pale nje ya kanisa hukunituma mimi."

"Unajua siwezi kusema naye."

"Ila kumsema unaweza." Akageuza mlenda wake, kisha akanitazama. "Mama, huu mlenda unaokula tangu Januari, unadhani nauchuma wapi?"

Nikautazama ungo. Miezi saba nilikuwa nasonga ugali na kuusifia mlenda wa binti yangu, na wote ulitoka kwenye msitu wa nyoka. Jamani, niliona aibu. Niliona aibu hata mbele ya ungo.

Jioni ile nikamchukua Sabuni mpaka kwenye uzio. Nilisikia panga la Ignas likifanya kazi upande wa pili. Nikakohoa.

"Sabuni," nikaanza. "Sabuni, mwambie mwenye malisho kwamba bibi yako alikosea. Mwambie alisema maneno mabaya mbele za watu na anayajutia. Na mwambie wewe huna kosa, wala huyo uliyembeba hana kosa."

Panga likanyamaza. Nilingoja ajibu kwa kejeli, maana mimi ningejibu kwa kejeli.

"Sabuni," akasema Ignas, "lango halina kufuli. Lilikuwa linakungoja tangu Juni. Mwambie bibi yako akulete asubuhi, mimi nitakuwa nimeondoka."

Nikaondoka haraka kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka ng'ombe apeleke na habari hiyo.

Tangu siku hiyo Sabuni akala humo. Asubuhi niliingia naye mimi, jioni akamtoa Ignas, kila mmoja kwa zamu yake ili tusikutane. Nikaanza kuona kwa macho yangu nilichokuwa nakitukana. Anaanza na nyasi, anahamia kwenye kunde pori zilizokauka na majani yake, anapitia kichaka fulani anachuma ncha tu, anarudi kwenye nyasi. Kila mahali akichoka na kitu kuna kingine. Chini ya takataka zile udongo ulikuwa mweusi na laini mwezi wa Septemba, na Septemba yetu mnaijua. Ngozi yake ikarudi kung'aa. Ndama akawa anapiga mateke yanayoonekana.

Novemba, Alhamisi, saa sita mchana, Sabuni akalala chini katikati ya malisho ya Ignas na kuanza kusukuma. Loisi alikuwa amekwenda gulioni. Nilikuwa peke yangu. Nimezalisha ng'ombe wengi, sikuogopa, mpaka nilipoona mguu mmoja umetoka na mwingine haupo. Nikaingiza mkono nikaupapasa, umekunjwa nyuma. Mkono wangu ni mfupi na nguvu za zamani sina. Sabuni akasukuma, akalia, akasukuma, kisha akalaza kichwa mchangani na kuacha kusukuma.

Nilipoinua macho nikamwona Ignas langoni. Alikuwa amesikia ng'ombe akilia, amekuja mbio na ndoo ya maji, amesimama hapo nje, amenipa mgongo kwa heshima. Hawezi kuingia nikiwa ndani. Na mimi nikitoka, nani atamshika Sabuni?

Nikasema na ng'ombe. Mazoea. "Sabuni, mwambie..." Sabuni hakutikisa hata sikio. Ulimi ulikuwa nje. Hakuwepo tena wa kumtuma.

"Ignas," nikaita. "Ignas mwanangu, ingia. Ndama anakufa."

Akaingia. Hakunitazama, akapiga magoti, akanawa mpaka kwenye kiwiko, akazungumza na Sabuni kwa Kisandawe, ile lugha yao yenye kugonga ulimi, polepole, na yule mzee mwenye kiburi akatulia. Akamsukuma ndama nyuma kidogo, akautafuta mguu, akaukunjua. Mimi nimekumbatia shingo ya Sabuni, namwambia Ignas ngoja, sasa, vuta, ngoja, vuta mwanangu, vuta. Maneno ya miaka tisa yakatoka yote mchana mmoja. Ndama akateleza nje, mweupe, jike. Hakupumua. Ignas akamsafisha pua, akamsugua kwa konzi ya majani makavu, akamsugua tena. Ndama akapiga chafya.

Tukakaa chini, mimi huku, yeye kule, ndama katikati, tumechafuka wote damu na udongo na mbegu za kila aina zimetugandia kwenye nguo. Nilipaswa kuinuka niondoke. Sikuinuka.

"Ignas," nikasema, "nusu yangu ile iko tupu. Mvua zinakuja. Nakupa. Ipande unavyojua wewe."

Alikuwa bado anatazama chini.

"Haipandwi, mama. Sabuni amekula humu miezi mitatu, mbegu zote anazo kwenye samadi. Tutamlaza huko usiku mpaka mvua inyeshe. Halafu inaachwa."

"Inaachwa halafu unafanya nini?"

"Hakuna. Inaachwa tu."

Sasa ni Desemba na imeshanyesha mara mbili. Ndama anaruka ruka, maziwa yapo, na asubuhi Ignas akipita ananiamkia nami namwitikia. Wazee wawili walikuja kunilaumu nikawapa maziwa wakanyamaza. Lakini pale kwenye nusu yangu yameanza kuota majani nisiyoyajua hata jina, huku moja, kule moja, bila mstari, na kila jioni nakwenda kusimama hapo nimefunga mikono nyuma. Nimelima tangu nina miaka saba, nimezika mume, nimelea watoto watano. Kazi ya kuacha tu sijawahi kuifanya, na nakwambia kweli, ni ngumu kuliko zote.