Kugawanya kwa Nusu

Darasa letu la hisabati ya walimu wa shule za msingi lina sheria moja ya kuudhi. Ukisimama ubaoni kueleza kugawanya kwa sehemu, marufuku kusema "geuza ya pili, kisha zidisha." Ukithubutu tu, Profesa Tveit anakuonyesha kiti chako. Anataka hadithi na mchoro, kana kwamba unamweleza mtoto wa darasa la tano.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili. Nilipima ngano kwenye mzani wa ushirika wetu, hapa Dakota Kaskazini, mpaka mzani wenyewe ukazeeka. Hesabu naziweza. Lakini kujua ni jambo moja na kueleza ni jingine. Wenzangu, watoto wa juzi hawa, wanakaa wanne wanne mezani. Mimi nakaa dirishani na koti langu. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyeniita.

Wiki iliyopita zamu yangu ilifika: moja na robo tatu, gawanya kwa nusu. Nikajitosa.

"Nina pai moja na robo tatu. Mimi na Verlyn wangu tunagawana nusu kwa nusu."

"Kila mmoja anapata nini?" Profesa akauliza.

"Karibu pai nzima."

"Na jibu ni tatu na nusu. Sasa pai nyingine zimetoka wapi, Ardis?"

"Verlyn kazificha!" mmoja akadakia, darasa likaangua kicheko. Hawakujua kwamba Verlyn, mume wangu, yuko makaburini tangu majira ya baridi.

"Umegawanya kwa mbili," Profesa akasema. "Hukugawanya kwa nusu. Njoo tena Ijumaa. Ukikwama, muhula ujao huendi kufundisha kwa mazoezi."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Kwa umri wangu, muhula wa kurudia nautoa wapi?

Jumapili nilipika viazi na nyama ya kusaga, mabakuli mawili ya oveni, kama nilivyozoea. Robo ya bakuli ikaishia kwenye kuonja. Kuanzia Jumatatu nikawa nakula nusu bakuli kila jioni, redio ikiongea peke yake. Alhamisi nikafungua friji na kukuta chakula kisichotosha hata mlo mmoja. Nikakila nimesimama kando ya sinki, na katikati ya kutafuna nikaelewa. Nililia pale pale, na wala haikuwa njaa.

Ijumaa nikachora mabakuli mawili ubaoni, moja likiwa limepungua robo.

"Hiki ni chakula changu," nikasema. "Mlo wangu ni nusu bakuli. Swali ni hili: nitakula jioni ngapi? Jumatatu nusu, Jumanne nusu, bakuli la kwanza kwisha. Jumatano nusu. Alhamisi kimebaki hiki."

"Hiki ni robo," Profesa akanibana. "Basi jibu si tatu na robo?"

Hapo ndipo wengi huanguka, na nilijua ananitegea.

"Ni robo ya bakuli, Profesa, lakini ni nusu ya mlo. Mimi nahesabu milo. Jioni tatu na nusu."

"Na mtoto akisema, 'Mwalimu, kugawanya si kunapunguza? Mbona jibu limekuwa kubwa?'"

"Nitamwambia mlaji akila kidogo, chakula kinakaa sana."

Profesa akaweka chaki chini. "Umefaulu. Muhula ujao nenda kafundishe."

Wakapiga makofi, hata yule wa "Verlyn kazificha." Nilifurahi, nisiseme uongo. Ndipo Kaylin, binti wa meza ya mbele, asiye na ubaya wowote, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Kwani kwa nini usipike kidogo tu?"

Maswali yote ya Profesa nilikuwa nimejiandaa nayo. Hilo sikuliwazia. Nikatazama mabakuli yangu mawili ubaoni, nikajikuta nasema kweli mbele ya watoto wa watu.

"Nikipika kidogo, mwanangu, nitakuwa nimekubali kwamba harudi."

Hakuna aliyecheka. Nikachukua kifutio, nikafuta bakuli moja, la pili nikashindwa.