Dari Isiyopigwa

Nilipopewa kazi ya kutengeneza dari ya mnara wa ngome yetu, nilitembea mtaani kifua mbele, mimi Ngwali fundi. Ngome ile ina minara ya duara na kuta za matumbawe zenye unene wa dhiraa mbili. Matundu yake ya bunduki ni membamba kwa nje, mapana kwa ndani, ili mlengaji aone asionekane. Walioijenga hawakuijua saruji. Dari yao ni chokaa na kokoto, hupigwa kwa vipande, vile virungu bapa vya mti, siku tatu mfululizo mpaka ikaze. Wanawake hukaa safu, hupiga na kuimba, na kishindo hufika mpaka pwani.

Bi Tatu ndiye pekee aliyebaki anayezijua nyimbo hizo. Nilimpitia nikamwambia, "Bibi, siku ya kupiga nitakuja kukuita." Akakitoa kipande chake uvunguni, akakiosha, akakianika.

Sikumwita. Siku ya ufunguzi wa mnara ilikuwa imekaribia, chokaa haijaiva shimoni, na mimi nikaingiwa na uvivu nikauita haraka. Nilimwaga saruji asubuhi moja, juu nikapaka chokaa ya kuzugia. Wageni wakanisifu, nami nikazipokea sifa bila kupepesa macho.

Bi Tatu naye akaja, kipande amekifunga kwenye kanga. Akaitazama dari kwa muda.

"Mlipiga lini, mwanangu? Mie sikusikia hata kishindo kimoja."

Watu walikuwa wamenizunguka. "Wiki iliyopita, Bibi. Siku tatu."

Akajishika sikio. "Basi mie n'shakuwa kiziwi." Akarudi nacho kipande chake nyumbani.

Tangu hapo binti yake, Mwatima, akawa anaongea naye kwa kupiga kelele. Wajukuu wakaacha kumwamkia, wakawa wanampungia mkono tu. Mwenyewe akaacha kwenda maulidini, ati asiwachoshe watu kwa kuuliza uliza. Juzi nikasikia atapelekwa hospitali kupimwa masikio. Nilijiona mtu duni, na nilikuwa duni kweli: bibi wa watu nimemtia uziwi kwa ulimi wangu.

Nikaenda kwake. Nilimkuta uani anachambua karafuu pamoja na Mwatima na majirani wawili. Hata hapo nilikuwa bado nalilinda jina langu. Nikachutama ubavuni mwake, nikanong'ona ili wale wengine wasisikie.

"Bibi, hatukupiga. Nilitia saruji. Masikio yako mazima."

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Nilidhani hakusikia, na Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo.

"Nimekusikia," akasema, naye kwa mnong'ono. Kisha akaweka kikonyo chini, akawageukia wenzake.

"Hebu acheni karafuu kidogo. Ngwali ana neno."