Binti wa Mheshimiwa Penhallow

Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Nilimuuliza mume wangu swali hilo mpaka nikachoka. Polycarp alikuwa wakili kule Bukoba, tena wakili wa kuogopwa. Tulipofika Toronto wakamwambia arudie mitihani. Akasema yeye ameshaapishwa na jaji, hawezi kukaa darasani na watoto. Akaingia maktaba kupoza hasira, na humo akakutana na Mwingereza aliyekufa zamani, Josiah Penhallow, wakili na mbunge wa karne ya kumi na nane, aliyeutamani ujaji mpaka akafa hajaupata. Polycarp akasema, "Huyu ni mimi." Akaanza kumwandikia kitabu cha maisha yake, na ndiyo ikawa kazi yake.

Mimi nikawa nawabadilisha wazee wa watu pampasi ili tulipe kodi pale St. James Town. Mwenzangu ananisimulia mezani Mheshimiwa alikula nini, aliumwa mguu gani, alimjibu vipi waziri bungeni. Siku Sara wetu alipopasuliwa kidole tumbo, baba yake alikuja hospitali na vitabu kwapani, akakaa pembeni akasoma. Siku Sara alipopokea cheti cha uuguzi, niliweka mkoba wangu kwenye kiti cha baba, watu wasikichukue. Mpaka tunatoka ukumbini aliyekaa pale ni mkoba.

Sara hakulalamika. Mtoto huyu Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu hujibu kwa Kiingereza. Mwaka 2012 alichumbiwa na kijana wa Kinyakyusa, wazazi wake wanakaa Mount Dennis. Sisi kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, baba husimama akawaambia wakwe huyu tunayewapa ni nani, amekua vipi. Sara akamwambia baba yake hataki zawadi. Anataka amzungumzie yeye, kwa Kiswahili, mbele ya watu. Polycarp akaapa. Wiki nzima nikamwona anaandika, nikafurahi, mjinga mimi!

Ukumbi ulikuwa Etobicoke, umejaa. MC Nasrudin akamkaribisha. Polycarp akasimama, akakohoa kiwakili.

"Sara ni mtoto mtulivu. Hajatusumbua."

Nikangoja. Sara naye akangoja, kainamisha kichwa, mikono imebana shada la maua.

"Utulivu huo," akasema, "unanikumbusha Mheshimiwa Penhallow."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Akaanzia London, akapita bungeni, wakwe wanatazamana. Nikamvuta koti. Wapi! Mwishoni sauti ikamkatika.

"Mtu huyu aliandika barua maisha yake yote. Na alikuwa na binti. Hakuna barua hata moja inayomtaja! Nimemtafuta mtoto yule miaka yote hii, hata jina lake sijalipata. Baba gani huyo?"

Machozi yakamtoka, machozi ya kweli kabisa. Nimeishi naye tangu ujana wetu, na sijawahi kumwona akimlilia Sara. Nilimchukia pale pale, na tai niliyomfunga mwenyewe.

Watu wakapiga makofi ya kuficha aibu. Ikaja zamu ya keki, ambapo binti humlisha kila mzazi huku akimtambulisha kwa wakwe. Alianza na mimi. Alinitambulisha kwa Kiingereza, kirefu, na zile pampasi akazitaja, mpaka mama mkwe akainuka kunikumbatia. Kisha akasogea kwa baba yake. Akashika maiki, na kwa Kiswahili safi, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake tangu akiwa mdogo, akasema:

"Huyu ni baba yangu. Anaandika kitabu."

Ukumbi ukasubiri. Nasrudin akasubiri na tabasamu lake. Sara akamtia baba yake keki mdomoni, akampangusa krimu kwa leso, akarudisha maiki, akaenda kukaa.

Polycarp akanigusa kiwiko, macho yanang'aa.

"Mama Sara, umesikia? Amekitaja kitabu!"

Nikamwambia atafune keki.