Masizi Katika Chupa ya Bi Barke

Jirani yangu Bi Barke anawaambia watu wa Magogoni kwamba kompyuta ya maabara imemsingizia. Eti ilipiga picha maji ya kisima chake, ikaona moshi wa ubani ikauita vijidudu. "Wallahi, mashine ile haijui ubani! Imeundwa na watu wasiofukiza!" Watu wanacheka, wanajaza madumu, wanakwenda zao.

Mimi nilikuwako. Nilimfuata hadi maabara huko Changamwe kwa sababu mwanangu Intisar alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, alikolazwa kwa kuhara kulikomkausha hata akilia machozi hayatoki, na maji anayokunywa ni ya kisima hicho. Njia nzima Bi Barke alinieleza kuwa mtoto anaota meno.

Maabara walimpa chupa safi, wakamwonya asiifungue ila pale kisimani. Yeye akaona haya kuwapelekea watu maji kwenye chupa isiyonukia. Akaifukiza ubani kama mtungi wa harusini. Nashangaa hakuivisha na asumini.

Siku ya majibu, binti wa maabara, Lynnette, alitufungulia picha ya kisahani walichooteshea vijidudu vya maji yetu. Madoa tele. Kompyuta imezungushia kila doa kiduara, chini imeandika mia mbili na kumi.

"Hayo meusi ni masizi yangu!" Bi Barke akaruka. "Yafute!"

"Ni kweli, mama, imehesabu na masizi." Lynnette akaiambia kompyuta ihesabu madoa ya buluu peke yake, maana hayo ndiyo vijidudu vya choo. Viduara vya meusi vikatoweka. Ikabaki mia moja na themanini.

"Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata doa moja. Funga kisima, mama, mpaka kitiwe dawa tupime tena."

Bi Barke amerudi Magogoni na habari ya masizi tu. Choo amekisahau garini.

Leo asubuhi nimemkuta kisimani, leso kiunoni, anawachotea watu.

"Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba, mwanangu. Lete dumu."

Sikuwa na dumu, nilikuwa na bilauri. Nikaichovya ndooni mwake mbele ya foleni nzima, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Hii sikuifukiza, haina masizi. Kunywa, mama."

Bi Barke akaitazama bilauri, kisha akaanza kuifunga upya leso yake, polepole, na mikono yangu ingali hewani.